Mwili umebadilika, futingi inaendelea: mwongozo kamili kwa mkimbiaji ambaye krono haimtii tena

Huu mwongozo niliuandika kwa ajili ya watu ambao zamani walikuwa na makasi ya kutoka komini ya Kenya (komini yetu ya hapa Lubumbashi, si ile nchi ya mabingwa) mpaka kampusi ya Kasapa na kurudi bila kusimama, halafu siku hizi wakifika nusu ya njia pumzi inakata, goti linauma, na saa ya mkononi inaonyesha muda ambao zamani ungeuita wa kutembea. Kwa wengine ni umri, kwa wengine tansio (presha ya damu), wengine wametoka kuzaa, wengine malaria iliwapiga ikawaacha bila damu. Swali lao wote ni moja: nifanye nini nirudi vile nilikuwa? Na mimi naona hilo swali njo linawaumiza. Kuna mambo yatarudi na kuna mambo hayatarudi, kazi ni kuyatenganisha, halafu unapanga mazoezi kwa mwili ulioamka nao leo asubuhi, ule wa 2009 uache kwenye picha.

Nasema habari za Lubumbashi juu njo fasi ninakimbilia, lakini mtu wa Likasi ao Kolwezi atajikuta humu pia.

Kabla ya kukubali, tafuta sababu

Wengi wanaruka hatua hii. Mtu anafika miaka 45, anaanza kuchoka kwenye kilometa ya pili, anasema "ni uzee tu", basi anakaa. Ndugu yangu, uzee hauji kwa miezi miwili. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni, ule wataalamu wanauita VO2max, kwa mtu asiyefanya mazoezi unashuka karibu asilimia 10 kila miaka 10 kuanzia miaka 30 na kitu, na kwa anayeendelea na mazoezi unashuka polepole zaidi, wengine kama nusu ya hapo. Piga hesabu mwenyewe: hiyo ni asilimia 1 kwa mwaka ao chini yake, toka Pasaka mpaka Noeli huwezi hata kuisikia. Kwa hiyo kama mwaka jana ulimaliza kilometa 10 vizuri na mwaka huu 3 zinakushinda, kuna kitu kingine ndani, na kitu hicho kinatafutwa hospitali.

Anza na damu. Huku kwetu malaria inarudi-rudi, minyoo iko, wamama wanapoteza damu kila mwezi, na mtu anaweza kuzunguka na upungufu wa damu muda mrefu bila kujua, anasikia tu miguu mizito na moyo unapiga ngoma akipanda ngazi. Kipimo cha hemoglobini si cha bei kali, na hata labo za kartie zinakifanya. OMS, lile Shirika la Afya Duniani, inahesabu kwamba mwanaume mzima akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, ao mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya 12, huyo damu imempungukia. Nimeona mtu anabadilisha viatu, anabadilisha njia, anabadilisha mpaka saa za kulala, kumbe damu iko 9.

Baada ya damu, pima tansio na sukari. Tansio ikiwa 140/90 ao zaidi na imerudia siku tofauti, hiyo ni ya kumpelekea munganga. Ikiwa 180/110 ao juu yake, siku hiyo hakuna futingi, unaenda hospitali.

Halafu kuna sababu ambayo watu wanaisahau juu ni rahisi mno: ulikaa. Mwaka 1984 mtafiti mmoja Mmarekani, Edward Coyle, pamoja na wenzake walichukua watu waliofanya mazoezi makali kwa miaka wakawaambia waache kabisa, na wiki 3 hazijapita VO2max ilikuwa imeshuka karibu asilimia 7, baada ya wiki 8 ikafika karibu 16 halafu ikasimama hapo. Hii kwa kweli ni habari nzuri, maana kilichopotea kwa kukaa kinarudi kwa kufanya. Kama ulisimama mwaka mzima juu ya kazi ya migodini zamu za usiku, usianze kulilia umri, bado hujui umri umekuchukulia kiasi gani mpaka umalize miezi kama mitatu ya mazoezi ya utaratibu.

Kile ambacho hakirudi, ao kinarudi kidogo tu, ni hiki: kasi ya juu kabisa ya moyo, ambayo inashuka na miaka hata ufanye nini, sehemu ya misuli (baada ya miaka 30 mwili unapoteza kitu kama asilimia 3 mpaka 8 kila miaka 10, na baada ya 60 inaongeza mwendo), cartilage ya goti iliyokwisha kulika, ile nyama laini inayofunika mfupa, na uwezo wa kufanya zoezi gumu leo na kesho tena. Hivi njo vya kukubali.

Zungumza na munganga, na useme dawa zako zote

Dawa zinabadilisha kukimbia kuliko watu wanavyofikiri. Kuna papa mmoja wa Katuba, zamani fundi wa reli, alikuja kwetu na saa mpya aliyotumiwa na mtoto wake, amekasirika. "Mdogo wangu, hii saa ilikufa. Nakimbia mpaka jasho linaniingia machoni, inaniambia mapigo 118." Tukamwuliza, papa unakunywa dawa gani? Akatoa kipaketi mfukoni, atenolol. Saa ilikuwa nzima kabisa. Dawa za kundi hilo (atenolol, bisoprololi, propranololi) zinafunga mapigo ya moyo yasipande, njo kazi yao, kwa hiyo hesabu zote za mapigo unazosoma kwenye simu hazikuhusu tena na miguu itasikia mizito mapema. Usiziache mwenyewe ili ukimbie vizuri! Mwambie munganga kama zinakusumbua, anaweza kukubadilishia.

Nyingine ni ciprofloxacin. Hapa kwetu mtu akisikia tumbo na homa anasema tifoidi, anaenda farmasi ya kona ananunua cipro bila karatasi. Dawa hiyo na ndugu zake inaweza kuharibu kano, na ile inayopigwa zaidi ni kano kubwa ya kisigino. Marekani walianza kulazimisha onyo kali kwenye paketi mwaka 2008. Hatari inapanda kwa mtu wa zaidi ya miaka 60 na kwa yule anayekunywa pia dawa za kundi la kortizoni. Kama munganga amekuandikia, kunywa, lakini usikimbie wakati unaitumia, rudi taratibu baadaye, na kisigino kikianza kuuma simama, umpigie munganga siku ileile.

Anayetumia insulini ao glibenclamide kwa ajili ya sukari, awe na kitu cha sukari mfukoni na asikimbie bila kula, sukari inaweza kushuka akiwa barabarani. Na tabia ya kumeza diclofenac ao ibuprofeni kabla ya kutoka, ili goti "lisiseme", mimi siipendi kabisa: inaficha maumivu yanayotakiwa kukusimamisha, na kwa mwili uliokauka maji inasumbua figo.

Aliyetoka malaria: maliza dawa, homa iishe, chakula kirudi, halafu fanya wiki nzima ya kutembea tu kabla ya kukimbia. Mama aliyejifungua: wataalamu wengi wanashauri kusubiri karibu wiki 12 kabla ya kukimbia, na kama mkojo unachuruzika ukirukaruka ao unasikia uzito chini, bado. Hiyo haina aibu, iko na mazoezi yake, uliza mkunga ao mtu wa kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo).

Dalili za kusimama papo hapo na kwenda hospitali: maumivu ao mgandamizo kifuani, maumivu yanayopanda taya ao mkono, kizunguzungu cha kuanguka, pumzi inayokata kuliko kazi unayofanya, na mguu mmoja kuvimba nyama ya nyuma ukiwa na joto na maumivu.

Pima sifuri yako mpya

Sasa umejua sababu. Tafuta fasi tambarare, Lubumbashi hii Mungu ametupa tambarare ya kutosha, muulize mtu wa Bukavu, kule kwenye vilima. Chagua njia moja utakayoirudia kila mara, saa ileile ya alfajiri. Tembea dakika 10 kupasha mwili. Halafu kwa dakika 30 enda kwa mwendo ambao unaweza kuongea, ukikimbia, ukitembea, ukichanganya, hakuna anayekuhukumu. Dakika 30 zikifika, simama, angalia umefika wapi. Nguzo ya umeme, mlango wa duka, mti wa mwembe, chochote. Andika kwenye kaye (daftari): tarehe, fasi uliyofika, ulivyosikia, ulilala saa ngapi.

Hiyo njo sifuri. Kuanzia leo unajilinganisha na mwembe huo. Rekodi za zamani ziandike kwenye ukurasa wa mwisho wa kaye, zote, kwa heshima yake, maana ulizifanyia kazi, halafu usizipeleke mbele ya macho kila asubuhi. Kama una Strava ao aplikasio nyingine inayokukumbusha "siku kama hii ulikimbia hivi", zima hizo kumbukumbu. Nasema kwa nguvu kidogo juu nimeona watu wazima wanaharibikiwa siku nzima kwa ajili ya namba ya mwaka 2014.

Rudia kipimo baada ya wiki 8. Usikipange mwezi wa kumi, joto la Oktoba hapa linapandisha mapigo ya moyo kwa kila mtu na utafikiri umerudi nyuma.

Acha kilometa, hesabu dakika na pumzi

Hapa njo roho ya mwongozo wote. Krono inapima matokeo, na matokeo yanategemea mwili ambao umebadilika, joto, vumbi, usingizi, dawa. Pumzi inapima kazi. Mtu wa miaka 55 akifanya kazi ya kiasi kilekile kama alivyofanya akiwa na 30, moyo wake unapata faida ileile ingawa miti inapita polepole.

Kipimo cha kuongea ni hiki: ukiwa unakimbia, sema Baba Yetu kwa sauti, toka mwanzo mpaka Amina. Mwislamu asome Fatiha. Ikitoka kwa sentensi nzima, uko sawa, hiyo njo mwendo wako wa kila siku. Ikikatika kila maneno matatu, umekuwa mkali, punguza. Ikiwa unaweza kuimba kwaya nzima na kuongeza sauti ya tenori, basi unaweza kukaza kidogo. Kipimo hiki kinafanya kazi hata kwa yule papa wa atenolol, njo maana nakipenda kuliko saa zote.

Wanaotaka namba, haya. Hesabu ya zamani ya kasi ya juu ya moyo ni 220 ukitoa miaka yako. Kuna nyingine ya mwaka 2001 inayowafaa zaidi watu wazima: chukua 208, toa miaka yako mara 0.7. Mwenye miaka 60 kwa ile ya kwanza anapata 160, kwa ya pili 166. Zote mbili ni makadirio, mtu mmoja anaweza kuwa mapigo 10 juu ao chini, kwa hiyo usigombane na mkeo juu ya namba hiyo. Mwendo wa kuongea kwa wengi unaangukia kati ya asilimia 60 na 75.

Kuna pia kipimo cha Gunnar Borg, yule Mswidi: unajipa namba ya uzito wa kazi. Kwa kipimo cha 0 mpaka 10, kukaa ni 0, kufa ni 10. Mbio zako nyingi ziwe 3 ao 4. Ukijikuta 7 kwenye mbio ya Jumanne ya kawaida, uliondoka na kiburi.

Kukimbia na kutembea, bila haya

Mmarekani Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, alifundisha watu maelfu mchezo huu wa kukimbia kidogo, kutembea kidogo, toka miaka ya 70. Si njia ya wagonjwa. Misuli inapumzika kabla haijachoka, goti linapata nafasi, unamaliza dakika nyingi kuliko ungemaliza ukikimbia mfululizo.

Ngazi zangu ni hizi, kila moja ikae wiki mbili, namba ni za dakika, na jumla iwe dakika 30:

- kimbia 1, tembea 2
- kimbia 2, tembea 2
- kimbia 3, tembea 1
- kimbia 5, tembea 1
- kimbia 10, tembea 1

Watu wengine watasimama kwenye 3 na 1 maisha yote. Sawa kabisa. Usipande ngazi kama ile ya chini bado inakuachia maumivu kesho yake asubuhi. Na tembea kabla hujachoka, kosa la watu ni kungoja mpaka wanahema njo waanze kutembea, hapo faida yote imepotea.

Wiki inavyokaa

Ujana ulikuruhusu kukimbia kila siku na kula chochote. Sasa kati ya siku mbili ngumu weka saa 48, na kwa wenye miaka 60 kwenda juu hata 72. Mimi napendekeza hivi: Jumanne dakika 30 za mwendo wa kuongea. Jumatano mazoezi ya nguvu nyumbani. Alhamisi dakika 30 tena, na mwishoni, kama hakuna maumivu, mbio nne za sekunde 15 za haraka kidogo (si za kufa), ukitembea dakika nzima katikati, ili miguu isisahau kabisa kwenda mbio. Ijumaa nguvu tena. Jumamosi ile ndefu, dakika 40 mpaka 60, unaongeza dakika 5 tu kwa wiki, na kila wiki ya nne unapunguza. Jumapili kanisa na kutembea jioni. Jumatatu pumzika.

Ukihesabu hapo unazidi dakika 100, ongeza kutembea kwenda kazini ao sokoni utagusa zile dakika 150 za wiki ambazo OMS inaziomba kwa mtu mzima, pamoja na siku 2 za nguvu. Kwa afya umefika. Kila kitu juu ya hapo ni raha yako.

Nguvu: hapa njo mtu mzima anashinda

Kama uko na nafasi ya kufanya kitu kimoja tu toka mwongozo huu, fanya hiki. Misuli inayopotea na miaka njo ilikuwa inabeba goti. Hauhitaji jim. Unahitaji kiti, ngazi moja ya mlango, na kidumu cha maji.

Kiti: kaa na usimame bila kutumia mikono, mara 12, raundi 3. Ikiwa rahisi, shika kidumu cha lita 5 kifuani. Kisigino: simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya mguu, panda kwa vidole, shuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya ngazi, mara 15, raundi 3, goti likiwa limenyooka, halafu tena likiwa limekunjwa kidogo. Kwa mwenye kano ya kisigino inayouma siku nyingi, kuna programu maarufu ya Håkan Alfredson wa Uswidi ya 1998: kushuka tu polepole kwa mguu mgonjwa, 3 × 15 kwa kila mkao wa goti, mara 2 kwa siku, wiki 12. Inachosha na inataka uvumilivu, ila imesaidia watu wengi. Matako: lala chali, kunja magoti, inua kiuno, shikilia sekunde 5, mara 12. Usawa: simama mguu mmoja unapopiga mswaki.

Na kula. Bukari peke yake na sombe haijengi misuli ya mtu wa miaka 55, lazima kuwe na kitu pembeni: maharage, ndakala, mayai, samaki, karanga, vinkubala (viwavi vya kula) wakati wake ukifika. Mtu mzima anayefanya mazoezi anahitaji kama gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na ni vizuri kuigawa, asubuhi pia, chai na mkate mtupu haitoshi. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize munganga kwanza.

Barabara na majira yetu

Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hiyo haikuzuii sana. Kinachozuia ni vumbi na malori. Kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, asubuhi za Juni na Julai ziko baridi kweli, kano zinaamka ngumu, kwa hiyo zile dakika 10 za kutembea mwanzoni ziwe 15 na uvae suruali ndefu. Agosti na Septemba watu wanachoma majani porini, moshi unakaa chini asubuhi; ukiusikia kwenye koo, fanya siku ya nguvu ndani ya nyumba. Oktoba joto, mwili unahitaji karibu siku 10 mpaka 14 kulizoea, punguza mwendo bila kujisikitikia. Mvua ikianza, vumbi linalala, hewa inakuwa nzuri, lakini kaniveau (mifereji ya barabara) zinajaa na huoni shimo liko wapi. Usikimbie barabara ya Kasumbalesa kwenye malori ya madini, hata mapema. Kimbia ukitazama magari yanayokuja.

Kiburi na wenzako

Sasa ile sehemu ngumu. Unapita Kasapa, kundi la wanafunzi linakupita, mmoja anasema "Vye, courage!" (mzee, jikaze) na wewe unajikuta umeongeza mwendo bila kupanga. Kila mtu wa umri wetu anaijua hiyo. Dawa yake ni ya kiufundi: toa kasi kwenye uso wa saa, acha dakika tu. Na jibu lako kwa kijana liwe "asante mtoto wangu", basi.

Kundi lako la zamani ni jambo lingine. Wakikusubiri unasikia vibaya, wasipokusubiri unasikia vibaya zaidi. Waambie wazi siku ya kwanza, msianze michezo ya kujificha: "Mimi siku hizi nakimbia kwa dakika." Halafu pendekeza hii: wote mnaondoka pamoja, kila mtu anaenda kwa mwendo wake dakika 20, filimbi ya simu ikilia kila mtu anageuka fasi alipo na kurudi kwa mwendo uleule. Wenye mbio wamefika mbali, wewe umefika karibu, lakini kurudi mnafika fasi ya kuanzia karibu wakati mmoja, mnakunywa maji pamoja, mnacheka. Makundi mengi yanavunjika kwa kukosa ujanja huu mdogo.

Na kuomboleza kidogo kunaruhusiwa. Mtu aliyekuwa mwenye mbio wa kartie, aliyeitwa jina kwa sababu ya miguu yake, amepoteza kitu cha kweli. Wake na waume nyumbani, msiwaambie "si uache tu", haisaidii.

Mashindano bado yapo

Kwenye riadha ya watu wazima, wale wa miaka 35 na kuendelea, kuna shirikisho la dunia toka 1977, na kuna jedwali linalolinganisha muda wako na bora za watu wa umri na jinsia yako, linakupa asilimia. Kwa jedwali hilo, kilometa 10 za dakika 50 kwa mwanaume wa miaka 55 zinazidi kilometa 10 za dakika 45 kwa mwanaume wa 30. Vikokotoo viko bure kwenye intaneti. Kama lazima uwe na namba ya kupigania, pigania hiyo.

Mabingwa nao wanapitia humu. Kenenisa Bekele, aliyewahi kushika rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000, alikimbia London Marathon 2024 akiwa na miaka 41 kwa 2:04:15, wa pili; kwenye uwanja hawezi tena ile ya 2004, akahamia fasi mwili bado unakubali. Eliud Kipchoge, Olimpiki ya Paris mwaka huohuo, mgongo ukamshika, alipopita kilometa 30 akasimama akatembea na kutoka. Kipchoge huyo! Na yule mzee wa Kanada, Ed Whitlock, alikuwa na miaka 72 alipokimbia maratoni chini ya saa 3 mwaka 2003, na 85 alipofanya 3:56:34 mwaka 2016. Mazoezi yake mengi yalikuwa kuzunguka makaburini karibu na kwake, polepole, masaa. Wengi wetu hatutafika kwa Whitlock, nasema tu kwamba ule mwendo wa polepole unaoonea aibu ulikuwa njo msingi wake.

Kikomo kikihama tena

Kitahama. Kila mwezi wa tano na wa kumi na moja, hata kama kila kitu ni kizuri, rudia tansio na damu, pitia dawa zako. Kama kipimo cha mwembe kimeshuka mara mbili mfululizo na ulilala vizuri na hukuumwa, rudi ngazi moja chini na utafute sababu kama mwanzo, usisukume. Goti likivimba baada ya kila mbio hata ukiwa kwenye 1 na 2, badilisha: baiskeli, kutembea kwa haraka, kuogelea kwa mwenye piscine karibu, na nguvu zile za kiti zinaendelea. Na kama munganga amekukataza kukimbia kabisa, usitoke kwake na neno "hapana" peke yake. Mwombe aandike kwa wazi kinachoruhusiwa: kutembea dakika ngapi, kilima ao tambarare tu, kuinua kilo ngapi, mapigo yasizidi wapi. Karatasi hiyo ibandike ndani ya kaye, kwenye ukurasa wa Jumanne ijayo.